Nilinunua Necronomicon, nikakipokea stendi ya Nane Nane

Tangazo lilisema ni kitabu cha siri cha Mwarabu wa kale, kina miaka zaidi ya elfu moja, kimepigwa marufuku dunia nzima. Bei shilingi 45,000, nauli ya mzigo juu yangu. Nilijua kabla ya kutuma hela kwamba hapo hakuna neno la kweli hata moja. Nikatuma hivyo hivyo. Naandika hadithi za kutisha, za kusambaza vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp, na jina la kitabu hiki limenisumbua miaka.

Kuhusu kufikisha mzigo sina neno. Muuzaji yuko Dar, alipakia kwenye basi la usiku, asubuhi konda akanipigia niko bado ndani ya blanketi mbili. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Bahasha ya kaki, selotepu nyingi, kitabu kizima.

Kizima kwa maana ya kufika. Kwa ubora, hapana. Ni kopi ya kopi: maandishi yamelala upande, michoro imekuwa madoa ya wino, na gundi ya mgongo iliachia siku ya tatu. Jalada jeusi lina alama kubwa katikati, na hilo jalada ndilo lililoniponza. Mama mwenye nyumba aliingia kudai hela ya umeme, akakiona mezani. "Mwanangu, hiki kitu kimeingiaje kwenye nyumba yangu?" Nikamweleza ni hadithi za Wazungu. Akasema hadithi hazifungwi kwenye jalada kama hilo, kisha akakaa mlangoni mpaka nikakihamishia nje, juu ya kabati la viatu kibarazani. Hela ya umeme akaisahau, ndiyo faida pekee niliyoiona wiki ile.

Sasa undani wake. Necronomicon hakikuwahi kuwepo. Ni cha kubuni, cha Mmarekani H. P. Lovecraft, aliyekitaja kwa jina katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1924, akafariki 1937. Kilichonijia mimi ni kitabu kingine kilichovaa jina hilo, kilichotolewa Marekani mwaka 1977 na mtu anayejiita Simon tu. Ndani kuna miungu ya Babeli na Sumeri, malango saba, na majina hamsini ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli. Hayo majina hamsini ni ya kweli, yamo katika utenzi wa kale wa Wababeli kuhusu kuumbwa kwa ulimwengu. Mengine yameungwaungwa. Ukisoma kurasa thelathini unapiga miayo: simama hapa, chora pale, taja jina, washa moto.

Nikampelekea rafiki yangu mmoja aliyesoma madrasa, tunamwita Ustaadhi, pale Mwanjelwa anakouza vipuri vya pikipiki. Hakukifungua hata. Nilimtajia jina la huyo Mwarabu anayesemwa alikiandika, Abdul Alhazred, akaanza kucheka. "Kaka, Abdul tayari ina 'al' ndani yake, ndiyo hiyo 'ul'. Umeweka 'al' nyingine ya nini? Huyo hajazaliwa." Kweli tupu. Lovecraft alijipachika jina hilo akiwa mtoto mdogo, alipokuwa amelewa hadithi za Alfu Lela U Lela, akalitumia ukubwani bila kulisahihisha. Wazungu wangapi wamelisoma wakatetemeka, na muuza vipuri wa Mwanjelwa kalimaliza kwa sentensi moja! Ustaadhi akaongeza kwamba mtu akitaka kitabu cha Kiarabu kinachoogopwa kweli, kipo Shamsul Maarif cha al-Buni, na hicho yeye hatanitafutia. Mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini tusimdharau Lovecraft, maana hapa ndipo nilipopata thamani ya hela yangu. Kitabu chake hakukiandika. Alikiandikia wasifu. Akasema kilitafsiriwa kwa Kigiriki mwaka 950, kwa Kilatini 1228, kikachomwa moto, zikabaki nakala chache maktabani: moja London, moja Paris, moja Harvard, moja Buenos Aires. Maktaba za kweli hizo, ukitaja leo mtu anazijua. Halafu akaichomeka na ya chuo alichokibuni mwenyewe, nayo ikapita katikati ya wenzake bila kuulizwa kitambulisho. Yaliyomo kitabuni akayadondosha kidogo sana, mstari hapa, aya pale.

Kwenye hadithi yake iitwayo The Dunwich Horror, kijana anakwenda maktaba kwa sababu nakala aliyoachiwa na babu yake ina kasoro, naye anahitaji ukurasa wa 751. Mkutubi anamkatalia. Kijana anarudi usiku kuiba, anauawa na mbwa wa ulinzi. Hicho ndicho kilinitia baridi: mtu kutembea safari ndefu kwa ajili ya ukurasa mmoja, na sisi wasomaji hatuambiwi wote una nini. Nakala yangu, nimehesabu, haifiki hata nusu ya kurasa hizo.

Kwa hiyo Simon kafanya kosa ambalo Lovecraft alilikwepa: kakifungua. Uchawi wa maneno ulikuwa kwenye kufuli. Tangu nisome hii takataka nimefuta sura nzima ya hadithi yangu ambamo bibi mmoja wa Rungwe alikuwa anasoma daftari la mumewe marehemu kwa sauti. Sasa daftari limefungwa kwa kitambaa cha kanga, linatajwa tu, na msomaji mmoja wa Tukuyu tayari kanitumia ujumbe saa saba usiku akiuliza limeandikwa nini.

Nyota: mbili kati ya tano, moja ya basi. Muuzaji nilimwambia kuhusu gundi, akasoma ujumbe, hajajibu mpaka leo. Kitabu bado kiko juu ya kabati la viatu. Anayekitaka aje na 20,000, aje mchana, na asipitie kwa mama mwenye nyumba.