Uzoefu wangu na ushauri nasaha kwa wanafunzi wa sanaa za maonyesho hapa Malindi

Ninasomea uigizaji na uimbaji hapa Malindi, na tangu mwaka jana nimekuwa nikihudhuria ushauri nasaha katika ofisi ya kibinafsi ambayo chuo chetu kimekubaliana nayo iwahudumie wanafunzi kwa ada nafuu. Wenzangu wengi huniuliza kama huduma ile yafaa. Yafaa, tena sana, na sababu kubwa ni kwamba mshauri niliyempata aliichukulia kazi ya jukwaani kuwa kazi, akaanza kunisaidia kutokea hapo.

Hilo si jambo dogo. Mshauri niliyemwendea kabla yake, kwingineko, alinisikiliza kwa upole kisha akanishauri niache maigizo kwa muda ili nipumzike. Kwa mwanafunzi wa sanaa, ushauri huo maana yake ni kuacha masomo, kwa kuwa onyesho ndilo mtihani wetu, na anayekosa mazoezi huwaangusha wenzake wote waliopangwa naye katika mchezo.

Kilichonifikisha huko ni mchezo ambao niliigiza mama aliyefiwa na mwanawe baharini. Muongozaji wetu alitumia mbinu iliyotokana na Konstantin Stanislavski, mwalimu wa maigizo wa Urusi, ambaye alifundisha kwamba mwigizaji anaweza kuchota kumbukumbu ya hisia zake mwenyewe ili machozi ya mhusika yawe ya kweli. Msiba pekee nilioujua kwa karibu ulikuwa wa marehemu baba yangu, kwa hivyo kila jioni ya mazoezi niliurudia. Watu walilia ukumbini, nikasifiwa, lakini usiku usingizi haukuja, chakula kikawa hakipiti kooni, na mchezo ulipomalizika ile huzuni haikumalizika nao.

Katika kikao cha kwanza nilijaza fomu mbili fupi, PHQ-9 yenye maswali 9 kuhusu huzuni na kukata tamaa, na GAD-7 yenye maswali 7 kuhusu wasiwasi, ambazo alama zake hufika 27 na 21. Mshauri alinieleza kwamba alama hizo humwonyesha mahali pa kuanzia na kama hali inapungua baadaye, wala hazitoshi peke yake kusema mtu ana ugonjwa gani. Baada ya hapo aliniuliza habari za mchezo wenyewe: ni onyesho lipi linaloniumiza, ninafanya nini dakika chache baada ya taa kuzimwa, nani huwa nami, na ninarudi nyumbani kwa njia gani. Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kuniuliza maswali hayo, hata chuoni.

Alinifafanulia kwamba hadithi huwa ya kubuni, lakini moyo unaokwenda mbio, pumzi inayokatika na machozi ni vya mwili wangu halisi, na kwa hiyo mwili unahitaji kuambiwa waziwazi kwamba kazi imekwisha. Tukatengeneza pamoja utaratibu wa kumwacha mhusika. Leso ya yule mama naikunja mwenyewe na kumkabidhi mtunza vifaa, nayo haitoki ukumbini. Kisha nataja kwa sauti jina langu, siku ya leo na mahali nilipo. Halafu namweleza mwenzangu mmoja habari za yule mama kwa kusema “yeye”, nikitaja mambo yanayonitofautisha naye. Mwanzoni niliona haya kufanya hivyo mbele ya watu, lakini sasa kikundi chetu chote hufanya. Huzuni ya baba nayo ilitengewa vikao vyake, mbali kabisa na mchezo, na huko ndiko nilikolia kwa namna ambayo haikunichosha.

Kuhusu hofu ya kupanda jukwaani, alinifundisha kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, na kuizoea hofu kwa ngazi: kuimba mbele ya mtu mmoja, kisha watatu, kisha darasa zima. Nilipomtajia vidonge vya propranolol ambavyo baadhi ya wanafunzi hugawiana kabla ya kuimba ili mikono isitetemeke, alikuwa mkali kidogo, na alikuwa na haki. Ni dawa ya moyo na shinikizo la damu inayotolewa na daktari, na kwa mwenye pumu inaweza kuubana mfumo wa pumzi hadi kuhatarisha maisha.

Nyumbani mama aliamini nimepatwa na jicho, akaniletea kombe la zafarani, yaani maji ya kunywa yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani. Nilisita kumwambia mshauri, nikidhani atalidharau. Alichosema nimekihifadhi: “Mwanangu, mama yako anakutibu kwa anachokijua, nami kwa ninachokijua. Usigombane naye kwa ajili yangu.” Nilikunywa kombe na nikaendelea na vikao, na mama mwenyewe ndiye hunikumbusha siku ya miadi.

Suala la siri ndilo linalowatisha wengi, kwani huu ni mji ambao mtu hujulikana yeye, mamake na mtaa wake. Mshauri alinieleza mapema kwamba chuo huletewa hesabu ya vikao bila majina, na kwamba angevunja siri pale tu ambapo uhai wangu au wa mtu mwingine umo hatarini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Wako wanaoogopa kusema kwamba wamefikiria kujiua wasije wakapelekwa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwenye hali hiyo asingoje miadi, apige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Kasoro zipo. Benchi la kungojea liko ushorobani, mbele ya ofisi nyingine, na si mara moja nimekutana na majirani wanaotaka kujua nimefuata nini. Pazia tu lingetosha kuondoa adha hiyo. Ofisi hufungwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo mazoezi yetu ndiyo kwanza yanaanza, na katika wiki za maonyesho, tunapouhitaji msaada kuliko wakati wowote, nafasi hujaa upesi. Kikao cha dakika 50 kwa simu hupatikana Jumamosi asubuhi, nacho kimenifaa, ingawa nyumba yetu ina watu wengi na hulazimika kupanda darini ili nizungumze.

Kwa anayetaka kwenda, aombe miadi mwanzoni mwa muhula, mara tu majukumu ya mchezo yanapogawiwa, na amweleze mshauri ni mhusika gani amepewa.