Duka la kadi Mwanjelwa: hawachapi jina mpaka wajue cheo

Mwenye sherehe ya kanisa aende kwenye lile duka dogo la steshenari nyuma ya soko la Mwanjelwa, Mbeya. Tulichapisha hapo kadi za jubilei ya miaka 25 ya upadre ya mjomba wangu. Nalisifu hasa kwa ajili ya mzee anayepanga maandishi.

Orodha ya kamati ilikuwa na "Mh." kila mstari, kama barua za kwenda halmashauri. Mzee aliisoma yote, akavua miwani. "Mwanangu, Mh. tumwachie mbunge. Baba Askofu Mkuu ni Mhashamu." Akaeleza huku akichapa: Mhashamu limetoka kwenye shina lile lile la Kiarabu lililotupa neno heshima. Mwadhama, anavyoitwa kardinali, ni wa adhama, yaani ukuu; Watanzania tunalo kanisani tangu 1960, Laurean Rugambwa alipokuwa kardinali wa kwanza Mwafrika. Askofu lenyewe ni la Kigiriki, episkopos, mwangalizi, nalo likatufikia kwa njia ya Kiarabu. Padre ni la Kireno, na asili yake ni pater, "baba" kwa Kilatini. Hata neno "Mkuu" alilihakikisha, maana Mbeya imekuwa Jimbo Kuu mwaka 2018 na kadi za zamani kwenye kompyuta yake zilikuwa bado na "Askofu" tu.

Kilichonigusa zaidi ni wageni wetu Wamoraviani. Ukoo wa mama ni wa Rungwe, walikofika wamisionari wao mwaka 1891, kwa hiyo hatuwezi kusherehekea bila wao. Mzee akauliza, "Mnamwalika Askofu au Mwenyekiti?" Kwao anayeongoza Jimbo kiutawala ni Mwenyekiti, Askofu ni mlezi wa kiroho. Wakatoliki wangapi tunalijua hilo? Kadi mbili zikaandikwa kila moja kwa cheo chake, na wachungaji wote wakapata "Mch." mbele ya majina. Siku ya sherehe mchungaji mmoja aliishika kadi yake akamwonyesha mwenzake. Nilifurahi sana.

Bei wanapatana na mteja, na ukichukua nyingi wanapunguza. Wino wa dhahabu siupendekezi, unabaki vidoleni. Chukueni bluu iliyokoza. Umeme ukikatika kazi inalala, basi pelekeni orodha mapema, hasa kuelekea Desemba. Na mzee mkamwamkie vizuri, atawasomea kila jina kwa sauti kabla ya kubonyeza.