Fumbo la kila Jumamosi: uzoefu wangu wa kulipia kriptiki

Huduma yenyewe haina makuu. Unalipia kwa mwezi, kila Jumamosi asubuhi fumbo jipya la maneno, la aina iitwayo kriptiki, linaingia kwenye simu, na majibu hayatolewi hadi Jumamosi inayofuata. Ukiniuliza nalipia nini hasa, nitakwambia nalipia ile wiki ya kusubiri. Mafumbo ya kila siku yamejaa mtandaoni, tena ya bure, lakini ukikwama kidogo tu unabonyeza kitufe na jibu hilo hapo. Hapa kitufe hicho hakipo kwa fumbo la wiki. Unabaki nalo kichwani ukiosha vyombo, ukiwa kwenye foleni, na mara nyingi jibu huja wakati hulifikirii kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kucheza kriptiki: hapa huulizwi mji mkuu wa nchi fulani. Kila kidokezo kina sehemu mbili. Moja ni maana ya jibu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni. Iliyobaki ni hila inayokupa herufi za jibu hilohilo kwa njia nyingine. Mafumbo ya huduma hii ni ya Kiingereza, ila katika kikundi chetu cha WhatsApp tunatungiana ya Kiswahili, kwa hiyo nitatumia ya kwetu. Namba ya mwishoni mwa kidokezo ni idadi ya herufi za jibu.

"Mfalme wa nyika amejificha kwenye basi mbaya (5)." Msomaji mgeni anaanza kuwaza abiria na utingo. Mzoefu anaona neno "amejificha" na papo hapo anaanza kupekua herufi: ba-SIMBA-ya. Au hiki: "Masika yamevurugika, mvuvi anamtafuta (6)." Vuruga herufi za "masika" upate samaki. Mvua haihusiki hata chembe, imewekwa kukupoteza tu.

Utamu wa kweli uko kwenye mjadala. Tuna sheria moja: kabla ya Jumapili jioni hakuna kuandika jibu. Unaruhusiwa kumsukuma mwenzio kidogo, kwa mfano, "neno la tatu silo unalodhani." Baada ya hapo ugomvi unaanza, na ugomvi ndio nusu ya raha. Mmoja wetu alileta hiki: "Afrika na Asia zikiungana, magari hupita hapo (8)." Jibu ni barabara, yaani bara na bara. Nilikipenda sana. Lakini mwingine akapinga: Afrika ni mfano wa bara, si maana ya bara, kwa hiyo ilipaswa kuwepo "labda" au "kwa mfano" ili msomaji atendewe haki. Mabishano hayo hayajaisha, na sidhani kama kuna anayetaka yaishe.

Mpingaji wetu ni mfuasi wa Ximenes, bila shaka. Hilo ni jina la kalamu la Derrick Macnutt, mwalimu aliyeanza kutunga mafumbo ya gazeti la Observer la Uingereza mwaka 1939, na ndiye aliyekazania kwamba mtunzi ana ruhusa ya kukupoteza ila kila neno la kidokezo lazima liwe na kazi yake. Kabla yake gazeti hilo lilikuwa na mtunzi aliyejiita Torquemada. Mwaka 1972 akaja Azed. Torquemada na Ximenes ni majina ya wakuu wa Baraza la Uchunguzi la Hispania, mahakama ya Kikatoliki ya zamani iliyojulikana kwa kuwahoji watu bila huruma. Azed naye? Msome kinyumenyume: Deza, mkuu mwingine wa baraza hilohilo. Jina lenyewe ni kidokezo. Ndiyo maana nashukuru kwamba huduma hii huandika jina la mtunzi juu ya kila fumbo. Ukishazijua tabia zao unajua leo utavurugiwa herufi au utadanganywa kwa maana.

Sasa lawama. Kwenye simu, kidokezo kirefu hukatwa na nukta tatu, na kukisoma chote lazima ukibonyeze tena. Kwenye fumbo la kawaida ungevumilia. Kwenye kriptiki, neno la mwisho ndilo mara nyingi linabeba maana ya jibu, kwa hiyo umefichiwa kitu ambacho hata mtunzi hakukificha. Nimewaandikia, wakanijibu kwa adabu, na nukta tatu bado zipo.

Kubwa zaidi ni ukurasa wa majibu. Wanakupa orodha ya majibu matupu bila kueleza yalivyopatikana. Umesubiri wiki nzima, unafika, ni kama uambiwe "samaki", basi. Masika yametajwa kwa nini? Hakuna anayekujibu. Bila kikundi chetu ningekuwa na majibu mengi nisiyoyaelewa, na kwa mtu anayeanza peke yake hilo linatosha kumfukuza. Kama huna wa kubishana naye, nisingekushauri ulipie kwanza. Tafuta mwenzi mmoja, hata wa simu tu, ndipo ujiunge.

Mwenyewe fumbo nalichapisha kwenye karatasi siku hizi. Vidokezo vinaonekana vyote, na herufi za kuvuruga naziandika kwa duara pembeni, kwa sababu zikikaa kwa mstari jicho linaendelea kusoma neno la zamani.