Kula peke yako mchana Kariakoo: kaa wapi, agiza nini

Nakula peke yangu karibu kila siku ya kazi, na kwa Kariakoo kitu cha kwanza ninachoangalia ni kiti, chakula baadaye. Ukikaa vibaya sahani inakufikia imepoa na mkoba unakukosesha raha muda wote.

Kwa mama ntilie hakuna tabu, maana pale mtu mmoja ndiye mteja wa kawaida. Chagua ncha ya benchi iliyo upande wa masufuria. Unaona kilichobaki kabla hujaagiza, ukitaka kuongezewa mchuzi unanyoosha sahani tu, na ukienda kunawa huinui watu watatu. Salimia kwanza, kisha uliza, "Samahani, hapa pana mtu?" Asubuhi kwenye supu sogea karibu zaidi na jiko. Supu ya makongoro ikipoa inaanza kuganda, midomo inanata, hata chapati ya moto haisaidii. Kamulia ndimu ingali inafuka. Na usiende saa moja asubuhi na noti ya elfu kumi, chenji inakuwa bado haijapatikana.

Mgahawa wa meza ndio unaotaka akili. Meza nyingi ni za watu wanne, na kati ya saa saba na saa nane lazima utaletewa wenzako, kwa hiyo kaa tayari upande wa ukutani, kwenye njia ya wahudumu kati ya jikoni na kaunta. Kona ya ndani imetulia, lakini oda za huko ndizo zinazosahaulika. Usikae chini ya feni: wali unapoa upesi na tishu zinapeperuka. Usikae pia ubavuni mwa sinki, kila anayenawa anakukung'utia maji. Hatua tatu nne kutoka hapo zinatosha, unanawa huku mkoba unauona.

Lipa kabla ya kula. Mkono ukishaingia kwenye ugali na mlenda, simu haishikiki tena. Kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, kwa sababu kaunta inaweza kuwa na vibao vya mitandao miwili mitatu na kukosea ni rahisi. Mkanda wa mkoba upitishe kwenye paja, usiuning'inize nyuma ya kiti.

Anayekula peke yake huumia zaidi kwenye nyama choma. Sehemu nyingi zinaanzia nusu kilo, na nyama inapimwa mbichi. Motoni inapungua kama robo ya uzito, kisha toa mfupa, kwa hiyo nusu kilo na ndizi mbili za kuchoma ni mlo wa mtu mmoja mwenye njaa. Ukiongeza ugali na chipsi, utabakiza. Omba kuona kipande kabla hakijaingia motoni na agiza kabla hujatafuta kiti, maana ni nusu saa au zaidi. Kisha kaa upande upepo unakotokea, la sivyo shati litanuka moshi hadi jioni.

Samaki ni rahisi: omba sato mdogo, mzima. Biriani ya Ijumaa fika kabla watu hawajatoka msikitini. Baada ya hapo unakula umebanwa.

Lawama yangu ni kwa mgahawa mmoja wenye viyoyozi, ambao kila anayeingia peke yake hupelekwa meza ya mlangoni mwa choo hata kama ukumbi uko nusu mtupu. Si haki, sahani bei ni ileile. Ukiambiwa meza nyingine zimeshikwa, uliza zimeshikwa kuanzia saa ngapi. Kama ni saa nane, agiza kilicho tayari na ukae. Saa saba na nusu utakuwa umeshanawa.