Rangi za mpako mmoja kwa sanamu za gemu za mezani: uzoefu wangu nikiwa mwanagenzi

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome aende zake: seti ndogo ya rangi za mpako mmoja inamfaa sana mtu anayeanza kupaka sanamu za gemu za mezani. Ndogo, narudia, si lile boksi kubwa lenye kila rangi iliyowahi kutengenezwa. Na mnunuzi ajue mapema kwamba nusu ya uzuri unaosifiwa kwenye boksi hautoki ndani ya chupa. Unatoka kwenye kile kilichopakwa chini ya rangi, na hicho hakina gharama ya maana.

Kwa asiyezijua, rangi hizi ni akriliki, yaani rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, ila ni nyepesi na zinapitisha mwanga. Akriliki ya kawaida hufunika: ukipaka nyekundu unapata nyekundu moja, bapa, kisha ni juu yako kutia kivuli na mwangaza kwa mkono. Rangi ya mpako mmoja ukiipaka juu ya msingi mweupe au wa kijivu chepesi hutiririka yenyewe. Huingia kwenye mikunjo na mifereji, ikajikusanya huko ikawa kivuli, na juu ya kingo ikabaki utando mwembamba tu unaoonekana kama mahali palipopigwa na mwanga. Kazi tatu kwa mkupuo mmoja. Games Workshop ya Uingereza ndiyo iliyoipa umaarufu njia hii mwaka 2019 ilipotoa Contrast, na mwaka 2022 zikaja Speedpaint za Army Painter ya Denmark na Xpress Color za Vallejo ya Uhispania. Zote huja kwa ujazo wa mililita 18, na kwa kuwa sanamu moja inakula matone machache tu, chupa hukaa sana.

Nimechanganya za kampuni mbalimbali kwenye meza yangu, na kwa macho yangu tofauti kati ya kampuni na kampuni ni ndogo kuliko tofauti kati ya rangi na rangi ndani ya seti moja. Kahawia, kijani kilichokolea na buluu karibu zote ni nzuri, za kampuni yoyote. Njano na waridi ndizo zinazosumbua. Kwa hiyo mabishano ya watu kuhusu nembo gani bora yasikunyime usingizi. Uliza rangi, usiulize nembo.

Sasa nieleze nilichokuwa nakitaka, maana tathmini isiyo na lengo haimsaidii mtu. Nilikuwa na gemu ya boksi iliyojaa sanamu za plastiki ya kijivu: mifupa inayotembea, mazimwi, watu wenye majoho, na joka moja. Sikutaka kushinda mashindano. Nilitaka kucheza na sanamu zilizopakwa, na nizimalize kabla hamu haijaniishia. Sanamu za aina hii mara nyingi huwa na milimita 28 hivi kutoka unyayo hadi jicho, na wakati wa kucheza hutazamwa kutoka umbali wa urefu wa mkono. Huo ndio umbali ninaoutumia kuhukumu. Ukiisogeza sanamu mpaka puani utaona kila dosari, na hakuna mchezaji mwenzako atakayeisogeza hapo isipokuwa ana nia mbaya.

Tuje kwenye kilicho chini. Maelekezo ya kawaida husema piga praima, yaani rangi ya kwanza kabisa inayozisaidia nyingine kushika, nyeupe au ya rangi ya mfupa, kisha paka. Inafanya kazi, lakini sanamu hutoka zikiwa na mng'ao wa peremende. Njia iliyonibadilishia mambo ni hii: praima nyeusi kwanza, sanamu nzima. Ikikauka, chukua akriliki ya kawaida ya kijivu, ile ya bei ya chini ya kazi za mikono, na brashi kavu. Chovya ncha tu, kisha futa brashi kwenye kitambaa au karatasi nene mpaka udhani haina rangi tena. Hapo ndipo iko tayari. Ipitishe juu ya sanamu kwa wepesi, huku na huku, nayo itaacha kijivu kwenye kila kilichochomoza na kuacha mashimo yakiwa meusi. Halafu rudia kwa nyeupe, safari hii ukitokea juu tu, kama vile jua liko utosini: kichwa, mabega, magoti, ukingo wa ngao.

Ukimaliza una sanamu ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo tayari ina vivuli vyake vyote. Unachofanya baadaye ni kuitia rangi tu. Ubavu wa mifupa unaonyesha vizuri zaidi: kila ubavu unatoka na mstari wake mweupe juu na weusi katikati, kitu ambacho kwa brashi ndogo kingenitoa jasho, na hapa kinatokea kwa kupitisha brashi mara chache. Ukiweka juu yake kahawia nyepesi ya mpako mmoja, mfupa unaonekana umekaa ardhini miaka mingi.

Brashi ya kazi hiyo usiinunue kwenye duka la gemu. Nunua brashi ya vipodozi, ile ya duara yenye manyoya laini na mengi ya kupakia poda, ya ukubwa mdogo. Brashi zinazouzwa maalumu kwa kazi hii nyingi ni ngumu na huacha mikwaruzo inayoonekana kama chaki. Ya vipodozi huacha ukungu laini. Rangi ikiendelea kutoka kama unga, lowesha sponji kidogo, iguse kwa ncha ya brashi kabla ya kuchukua rangi. Unyevu mdogo tu, usiozidi huo.

Sasa chupa zenyewe. Zitikise vizuri, maana rangi hutuama chini na ukipaka maji ya juu utailaumu kampuni bure. Usipake kama unapaka ukuta. Jaza brashi, weka rangi mahali pamoja, kisha isukume mpaka ifike ukingoni, kipande kimoja kwa wakati: joho lote, halafu basi, usirudi. Kurudi kwenye rangi iliyoanza kukauka ndiko kunakoacha madoa ya duara yasiyofutika. Na mkono wa pili ushike brashi nyingine, safi, yenye unyevu. Hiyo kazi yake ni kunyonya. Rangi ikijaa chini ya kidevu au kwenye ncha ya joho kama tone linalotaka kudondoka, gusisha ncha ya ile brashi safi, tone litapanda lenyewe. Bila hivyo kila joho linaota dimbwi jeusi miguuni.

Kuna joho moja lililonishawishi kabisa. Ni la mchawi, limejaa mikunjo mirefu kuanzia mabegani hadi chini, na nililipaka zambarau. Nikaliacha, nikaenda kufunga chupa. Niliporudi, sehemu za juu za mikunjo zilikuwa zimekuwa za urujuani mwepesi, karibu waridi, na mabondeni kumekuwa na weusi wenye wekundu kidogo. Mabadiliko yale ya rangi taratibu, kutoka bondeni hadi kilele, ndiyo wapakaji wazoefu huyafanyia kazi kwa tabaka nyingi. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni.

Lakini msidanganywe, kuna mahali zinapofeli. Eneo pana lililo bapa ni adui yao. Ngao isiyo na nakshi, kifaru cha vita, ubavu wa gari, mbawa za joka: rangi haina mahali pa kutiririkia, kwa hiyo inajikusanya popote na kukauka ikiwa na mabaka. Joka langu mwili ulitoka vizuri kwa sababu una magamba, mbawa nikazipaka kwa akriliki ya kawaida na brashi kavu. Pia rangi hizi hazifunikiani. Ukimwaga kijani juu ya mkono wa mtu, huwezi kuweka rangi ya ngozi juu yake ikaisha. Ni lazima upake kwanza nyeupe au kijivu chepesi hapo, isubiriwe, ndipo uendelee. Ndiyo maana napaka kuanzia rangi nyepesi kwenda nzito, na kuanzia ndani ya sanamu kuja nje.

Jambo jingine ambalo boksi halikwambii: baadhi ya rangi za aina hii, hata zikiwa zimekauka, huamka zikiguswa na maji. Unaweka nyeupe juu ya nyekundu kavu, unapata waridi. Kabla ya kupanga kazi yote, paka tone kwenye kipande cha plastiki, liache lilale mpaka kesho, kisha lisugue kwa brashi yenye maji. Likitoka, basi sanamu zako zipulizwe vanishi kabla ya kurekebisha chochote juu. Na ukitaka kuzizimua, tumia midiamu yake, kile kioevu kisicho na rangi cha kuzimulia, badala ya maji. Maji mengi huvunja mshikamano wake na rangi ikakauka kwa viraka.

Kwenye gharama, orodha ya kweli ni fupi. Akriliki za kazi za mikono, chupa kubwa, nyeusi, nyeupe, kijivu na kahawia. Hizo ni za msingi na za vitako, yaani vile visahani ambavyo sanamu husimama juu yake. Brashi ya vipodozi. Brashi mbili za nyuzi za kutengenezwa, moja ya wastani na moja ndogo. Ncha zake hujikunja kama ndoano baada ya muda, na zikifika hapo zinabaki za kuchanganyia gundi. Zile brashi za manyoya ya asili zinazosifiwa mno ziache kwanza, maana kazi hii haina mistari midogo ya kuzistahili. Sahani ya kuchanganyia rangi hainunuliwi: kopo bapa, sponji iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi ya kawaida hukaa hapo bila kukauka kwa saa nyingi. Zile za mpako mmoja usiziweke hapo, zitavuta maji na kusambaa. Ziweke kwenye kifuniko cha plastiki.

Mahali ambapo rahisi ni ghali ni praima. Praima mbovu inafuta nakshi au inabanduka, na huna cha kufanya zaidi ya kuanza upya. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 30, kwa vipindi vifupi, nje au mahali penye hewa, na usipulize siku yenye unyevu mwingi. Ukiwa mbali mno kwenye joto, chembe hukauka hewani na kutua kama vumbi. Angalizo kwa sanamu laini za gemu za boksi, zile zinazopinda ukizibonyeza: baadhi ya praima za kupuliza hubaki zikinata juu ya plastiki hiyo, kwa hiyo jaribu moja kwanza, au paka praima kwa brashi. Zioshe pia kwa sabuni na maji vuguvugu kabla ya yote, hasa za resini, kwani mafuta ya kiwandani huzuia rangi kushika.

Kuhusu kasi: napanga sanamu nane hadi kumi zinazofanana, napaka rangi moja kwa zote, ikifika ya mwisho ile ya kwanza imekauka. Mifupa inakwenda kwa dakika chache kila mmoja. Zaidi ya kumi sishauri, unageuka kiwanda na furaha inakwisha. Macho sipaki. Kivuli cha kofia au cha nyusi kinatosha, na jicho lililopakwa vibaya linampa askari mshtuko wa kudumu.

Kitako kisidharauliwe. Gundi nyeupe ya mbao, mchanga, kahawia iliyozimuliwa, brashi kavu ya rangi ya mfupa, kisha ukingo wote upakwe nyeusi safi. Ukingo huo mweusi hufanya sanamu iliyopakwa ovyo ionekane imekamilika; sijui kwa nini wanagenzi wengi huuruka. Mwisho vanishi isiyong'aa, maana rangi hizi nyingi hukauka zikiwa na mng'ao kidogo na huchunika kwenye kingo zinazoshikwa. Nayo ipulizwe siku kavu, la sivyo inaganda kama ukungu mweupe.

Asiyefaa kuzinunua ni yule anayetaka kujifunza kuchanganya rangi na kupaka kwa tabaka, au ambaye jeshi lake ni la magari na roboti zenye kuta bapa. Huyo akanunue akriliki za kawaida.

Ukinisikiliza, anza na chupa sita. Kahawia ya ngozi ya mnyama, itakayoliwa na mikanda, viatu, mipini na mifuko ya kila sanamu utakayoigusa. Kahawia nyepesi ya mfupa. Rangi ya ngozi ya mtu, uchague inayowafaa watu wako. Kijani kilichokolea. Nyekundu au buluu, kwa majoho. Na nyeusi, ambayo ndiyo itakayotia kivuli kwenye vyuma: paka fedha ya akriliki ya kawaida, kisha nyeusi iliyozimuliwa juu yake, upanga unaiva. Nyeupe ya mpako mmoja sinunui. Kazi yake ni kuweka kijivu hafifu mabondeni juu ya msingi mweupe, na kijivu hicho nakipata kwa tone la ile nyeusi ndani ya midiamu.