Mkwara Nje, Injini ya Kawaida Ndani: Uzoefu Wangu na Hachibaki ya Kimichezo

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu hachibaki yangu, yaani gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo, ni moja tu: linakimbia? Linakimbia sawasawa na gari lolote dogo lenye injini ya lita 1.2 isiyo na turbo (kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada) na nguvu farasi 90. Lile bampa lenye midomo, ile spoila juu ya kioo cha nyuma, mstari mwekundu kwenye grili na rimu za inchi 17 havijaongeza hata farasi mmoja. Nalipenda hivyo hivyo. Ila kama unatafuta gari la kuwaacha wenzio kwenye taa, hili silo, na ni vizuri ulijue mapema.

Chapa yake naiacha, maana mengi nitakayosema yanahusu aina nzima ya magari haya. Karibu kila mtengenezaji analo toleo la namna hii: gari dogo la milango mitano limevalishwa nguo za kaka yake mwenye nguvu, injini ikabaki ya nyumbani. Ford waliuza Fiesta ST-Line sambamba na Fiesta ST. Hyundai wana i20 N Line na pia waliunda i20 N. Majina yanakaribiana, magari hayakaribiani kabisa. i20 N ina injini ya lita 1.6 yenye turbo na farasi 204. Fiesta ST ya kizazi cha mwisho ina silinda tatu, lita 1.5 na farasi 200. Hao wenye mkia wa "Line" wana injini ndogo zilezile za matoleo ya kawaida. Kwa hiyo ukiona jina la gari linafanana na la gari la mbio, soma kwanza karatasi ya injini, beji baadaye.

Mambo haya yametoka mbali. Volkswagen walionyesha Golf GTI ya kwanza, hachibaki yenye nguvu kweli, kwenye maonyesho ya Frankfurt mwaka 1975: injini ya lita 1.6, farasi 110, na uzito wa kilo 800 na ushee tu. Ilikuwa na mstari mwekundu kuzunguka grili, viti vya kitambaa cha mirabaraba na kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu, hivyo viwili vikiwa ubunifu wa Gunhild Liljequist. Leo zaidi ya miaka 40 baadaye gari langu bado lina mstari mwekundu mahali palepale. Farasi ndio hawakuja.

Sasa, kwa nini nalipenda? Kwa sababu ni jepesi. Likiwa tupu halizidi sana tani moja, na wepesi ni kitu usichoweza kukiigiza kwa plastiki. Gari lenye farasi 300 ukilikanyaga mpaka mwisho, kabla hujahesabu tano umeshavunja sheria na inabidi uachie. Hili nalikamua gia ya kwanza, naingiza ya pili, injini inalia mpaka karibu mizunguko 6,000 kwa dakika, na mshale wa mwendo bado haujafika 100. Ukitazama dashibodi unakuta kelele nyingi na mwendo wa kiungwana. Nimetumia kila kitu gari lilichonacho, na askari akinisimamisha tutaishia kusalimiana.

Kwenye kona ndipo linapojieleza vizuri zaidi. Springi za toleo hili ni fupi kidogo na ngumu kidogo kuliko za toleo la kawaida, kwa hiyo mwili haulali sana. Unakata usukani, pua inafuata. Ukiingia kona kwa pupa pua inaanza kusukumwa kwenda nje, kama ilivyo kwa magari mengi yanayovutwa na tairi za mbele. Unapunguza mafuta taratibu, uzito unarudi mbele, na tairi zinashika tena. Haya yote yanatokea polepole kiasi cha dereva wa kawaida kuyasikia na kujifunza. Gia ni tano za mkono, klachi nyepesi, na kirungu kinaingia bila kusukumwa. Foleni ikiwa ndefu mguu wa kushoto utalalamika, hilo halina dawa.

Kuna kitufe chenye herufi S karibu na gia. Watu wanakiheshimu kuliko kinavyostahili. Hakiongezi nguvu. Kinafanya usukani uwe mzito na kubadilisha namna pedali ya mafuta inavyoitikia: ukikanyaga robo, injini inapewa kana kwamba umekanyaga nusu. Ukikanyaga mpaka mwisho, kuwaka na kuzima kwake ni mamoja. Mimi nakiwasha kwa ajili ya usukani tu, kwenye barabara yenye kona nyingi.

Sasa tuje kwenye rimu, maana hapo ndipo mkwara unapolipiwa.

Ubavuni mwa tairi nilizopewa na gari paliandikwa 195/45R17. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu, ubavu una kimo cha milimita 88 hivi. Toleo la kawaida la gari hilihili linavaa 185/60R15, ambalo ubavu wake ni milimita 111. Tofauti ni sentimita mbili na ushee za mpira na hewa, na sentimita hizo ndizo zinazosimama kati ya rimu yako na ukingo wa shimo. Tairi nyembamba ubavuni likipiga shimo, linabanwa kati ya ukingo wa shimo na midomo ya rimu. Nyuzi za ndani zinakatika, hewa inasukuma mpira mahali pale palipolegea, na tairi linaota uvimbe. Uvimbe ukitokea upande wa nje utauona asubuhi ukipita. Ukitokea upande wa ndani, unaweza kuendesha nao muda mrefu bila kujua.

Langu lilianza kwa usukani kutetemeka nikifika mwendo wa barabara kuu. Balansi ikafanyika, mtetemo ukapungua lakini haukuisha. Fundi akaliinua gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu la mbele kwa mkono, kisha akaweka ncha ya bisibisi karibu na ukingo wa ndani wa rimu bila kugusa. Nikainama kuangalia: pengo kati ya ncha na rimu lilikuwa linapanuka na kusinyaa kila mzunguko. Rimu imepinda. Kwa nje ilikuwa inang'aa kama ilivyotoka kiwandani.

Nikashuka mpaka inchi 15, saizi ileile ya toleo la kawaida. Kabla hujafanya hivyo hakikisha mambo mawili. La kwanza, rimu ndogo ipite juu ya breki za mbele bila kugusa. Kwa gari langu inapita kwa sababu breki ni zilezile za toleo la kawaida, lakini matoleo yenye nguvu halisi huwa na diski kubwa na rimu ndogo inaweza kukataa. La pili, kipenyo cha gurudumu zima kisibadilike sana, la sivyo kipimo cha mwendo kitakudanganya. Kwa saizi hizi mbili, gurudumu zima la 17 lina milimita 607 na la 15 lina milimita 603, kwa hiyo mshale hausogei kiasi cha kukusumbua. Ukitaka kubaki katikati, 195/50R16 ina ubavu wa milimita 97 na nusu na kipenyo kinakaribia palepale.

Gari limebadilika. Matuta ambayo zamani nilikuwa nayasikia mgongoni sasa nayasikia masikioni tu, na ngurumo ya tairi kwenye lami chakavu imepungua. Usukani umekuwa mvivu kidogo, kama nusu sekunde ya kufikiri kabla ya kukata, na hilo ninalikumbuka kila ninapoingia kona niipendayo. Ndugu zangu wapenda magari wanasema nimelishusha hadhi. Pengine. Lakini kwa zile rimu kubwa zenye nafasi pana kati ya mikono yake, ukichungulia gurudumu la nyuma ulikuwa unaona kidude kidogo cha chuma kilichoshika kutu: breki ya dramu. Mbele diski, nyuma dramu, kama gari lolote la bei ya chini. Kwa uzito huu dramu zinatosha kabisa na sina malalamiko nazo, ila hakukuwa na haja ya kuziwekea dirisha la maonyesho.

Ni kama zile ncha mbili za eksozi. Ya kulia ni ya kweli. Ya kushoto ni plastiki iliyozibwa ndani, na mvua ikinyesha inajaa matope ambayo hakuna moshi wa kuyakausha. Kila nikiosha gari nalazimika kuingiza kidole humo.

Bampa la mbele liko chini. Mteremko mkali wa kuingilia maegesho unakwendwa mshazari, tairi moja kwanza, na ukingo wa maegesho haukaribiwi kwa pua. Midomo ya chini ya bampa langu imekwaruzika, na gari la aina hii lisilo na mikwaruzo hapo ama ni jipya ama limebadilishwa bampa. Na kubadilisha kuna siri yake: oili, filta, plagi, bushi na shokomzoba unaweza kupata kirahisi kwa sababu nyingi ni za toleo la kawaida, tena dukani uliza za toleo la kawaida. Lakini bampa, grili, sketi za pembeni na spoila ni za toleo hili peke yake. Hizo haziuliziwi kila siku, kwa hiyo ni adimu na ghali. Taa za mbele za LED nazo, mara nyingi zikifa hubadilishi balbu, unabadilisha taa nzima.

Ndani pako vizuri kwa watu wawili. Viti vya mbele vina mabega yanayokukumbatia kwenye kona, mshono mwekundu unapendeza, na usukani uliokatwa chini hauna kazi yoyote ninayoijua. Ile plastiki nyeusi inayong'aa kuzunguka gia inachukua alama za vidole na mikwaruzo hata ukiifuta kwa kitambaa laini. Nyuma ndiko kwenye lawama. Kitasa cha mlango kimefichwa juu, kwenye nguzo ya dirisha, ili gari lionekane la milango mitatu. Mtoto hakifikii, na mgeni anazunguka akikitafuta. Dirisha la nyuma ni finyu, nguzo ni nene, na ukirudi nyuma unategemea vioo na kamera. Kamera yenyewe inapakwa tope. Hachibaki zote zina ugonjwa huu: hewa inayopita juu ya paa inafika mwisho ghafla, inajipindua nyuma ya gari na kubandika vumbi na maji kwenye kioo na kila kilicho karibu nacho. Wipa ya nyuma si pambo. Mama yangu akipanda mbele huuliza kama kiti nimekichimbia shimo, na kushuka anahitaji mkono. Kama unabeba wazee kila siku, lipime kwanza nao.

Buti ni lita 260 hivi: mabegi mawili ya wastani, la tatu ni kwa kubishana. Viti vya nyuma vikilazwa linameza vitu usivyotarajia.

Barabara kuu si nyumbani kwake. Kwenye 100 gia ya tano inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika na unaisikia. Kuovateki lori mlimani ukiwa na abiria wanne kunataka ushushe gia mpaka ya tatu, uone mbali, na usione haya kuahirisha. Tatizo ni kwamba walio nyuma yako wanaona spoila na wanakutarajia uruke. Wengine watakubana, wengine watataka mashindano. Waache wapite. Mafuta linatumia kistaarabu: baada ya kushusha rimu napata kilomita 15 au 16 kwa lita kwa safari mchanganyiko, foleni ikizidi inashuka.

Ukienda kukagua lililotumika, usianze na injini. Injini hizi ni za kawaida na fundi yeyote atakuambia hali yake. Anza na magurudumu: pitisha mkono kwenye ukingo wa ndani wa kila rimu, na kwenye ubavu wa ndani wa kila tairi, kutafuta uvimbe na mpindo. Angalia kama tairi limeliwa upande wa ndani zaidi ya nje. Hiyo ni dalili kwamba alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, haiko sawa au mtu amelishusha gari zaidi ya kiwanda. Piga magoti uangalie chini ya bampa kama klipu zote zipo. Tazama bega la nje la kiti cha dereva, maana ndilo linalochakaa kwanza kila mtu akipanda na kushuka, na lilinganishe na kilomita anazokutajia muuzaji. Halafu muulize kama zile rimu za 15 za toleo la kawaida anazo. Wengine wanazo stoo, na watakupa bila kubishana sana.