Meza ya magazeti ndani ya simu: uzoefu wangu na Feeder

Kila asubuhi, kabla sijaingia kwenye pantoni ya Kigamboni, napita kwa jamaa aliyetandika magazeti juu ya meza. Tunasimama pale watu saba, wanane, mikono nyuma, tunasoma vichwa vya habari bila kununua. Mwenye meza anatuvumilia mpaka mmoja wetu anyooshe mkono kufunua ukurasa wa pili. Hapo ndipo utasikia: "Mzee, hiyo ya kununua."

Feeder ni meza kama ile, ila magazeti nimeyapanga mwenyewe na kufunua naruhusiwa. Ni programu ya simu za Android, ya bure, haina matangazo, na haikudai akaunti wala namba yangu ya simu. Kazi yake ni moja tu, kukusanya milisho. (Kuna wanaosema malisho. Hilo nawaachia wafugaji.) Tovuti nyingi za habari na karibu kila blogu zina ukurasa wa pembeni usio na mapambo, ulioandikwa ili usomwe na programu: kichwa cha habari, tarehe, kiungo, na muhtasari au habari yenyewe nzima. Huo ndio mlisho, au RSS kama wenye fani wanavyouita. Ni ufundi wa mwaka 1999, ulianzia Netscape, kampuni ambayo vijana wa leo hawaijui hata kwa jina.

Mimi niliufahamu mwaka 2008 kwenye kibanda cha intaneti Kariakoo. Kijana wa pale alinifungulia Google Reader, programu ya Google ya kusomea milisho, baada ya kuniona nahangaika kufungua blogu moja moja kuangalia kama kuna jipya, huku saa inakimbia na saa yenyewe nailipia. Zama zile blogu ndiyo zilikuwa habari ya mjini. Mpiga picha na mwanablogu Issa Michuzi alikuwa akitundika picha mchana na usiku, na waliomfuata walikuwa wengi, karibu wote kwenye Blogspot. Nikawa nafungua ukurasa mmoja, naona wote walioandika tangu jana, nasoma, natoka. Nusu saa inatosha.

Machi 2013 Google wakatangaza kwamba wanaifunga Google Reader, na Julai 1 ikazimwa kweli. Walituachia tupakue orodha zetu, nami nikapakua. Faili liliitwa subscriptions.xml. Nikajitumia kwa barua pepe, nikalisahau huko. Miaka iliyofuata habari nikaletewa na Facebook na magrupu ya WhatsApp, maana yake nililetewa michango ya harusi, mahubiri, na habari ya wiki iliyopita iliyoandikwa "sasa hivi".

Mwaka 2022 nilinunua simu mpya, nikaweka Feeder, nikakumbuka lile faili. Nililitafuta kwenye barua pepe, nikalipata, nikaliingiza. Anwani 74 zikashuka kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Nikafurahi kama mtu aliyeokota kitambulisho chake cha shule.

Furaha haikudumu. Zilizokuwa na kitu cha mwaka ule hazikufika ishirini. Nyingine anwani zilikwishakufa, nyingine zimenunuliwa na watu wa kamari. Lakini kundi kubwa lilikuwa la blogu ambazo bado zipo, zinafunguka vizuri kabisa, ila zimenyamaza. Nikaanza kutazama tarehe ya chapisho la mwisho la kila moja, na mwaka 2018 ukawa unajirudia. Wanaokumbuka watakumbuka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotoka mwaka huo zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ile ya mwaka ulikuwa unafika shilingi milioni 2.1. Juni ya mwaka ule hata JamiiForums, lile jukwaa la mijadala, ilisimama kwa muda. Sitaki kuzitwisha kanuni kila kaburi, kwa sababu wengine walikwisha hamia Instagram na YouTube wenyewe kwa kufuata watu na hela. Lakini kuziona tarehe zile zimepangana mstari mmoja, zote kwenye kiganja, ni jambo ambalo Facebook isingenionyesha kamwe. Huko anayenyamaza hatoweki kwa kishindo. Anakuja mwingine anakaa mahali pake na wewe hushtuki.

Basi nikaanza upya. Kuongeza mlisho ni rahisi kuliko nilivyotegemea: unabandika anwani ya kawaida ya tovuti, Feeder inautafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, mwishoni mwa anwani ya blogu ya WordPress ongeza /feed, na ya Blogspot ongeza /feeds/posts/default. BBC Swahili ipo. DW Kiswahili ipo. Global Voices kwa Kiswahili ipo. Hata chaneli za YouTube zina mlisho, na podikasti karibu zote zimejengwa juu ya ufundi huohuo, ingawa wengi wanaozisikiliza hawajui. Instagram na Facebook sahau.

Kwenye bando ndipo iliponishika. Programu haivuti ukurasa mzima na video zake zinazojichezea. Inapiga hodi kwenye tovuti na kuuliza, kuna jipya tangu nilipokuja mara ya mwisho? Tovuti iliyotengenezwa vizuri ikijibu hakuna, programu inaondoka mikono mitupu, na bando lako liko palepale. Picha nimezifungia zisipakuliwe mpaka nipate Wi-Fi. Kwa zile blogu ninazozipenda nimewasha kipengele cha kushusha habari nzima, kwa hiyo jioni kabla ya kutoka ofisini zinashuka kwa intaneti ya ofisi (bosi asisome hapa), na usiku nyumbani nasoma data ikiwa imezimwa. Asubuhi kwenye pantoni nasasisha vichwa tu.

Kitu kingine ni kwamba ina mwisho. Nikifika chini hakuna kinachoongezeka. Shemeji yangu aliniuliza, "Sasa ukimaliza unafanya nini?" Nikamwambia natazama maji.

Upo pia uwezo wa kuzuia maneno. Dirisha la usajili likifunguliwa, kila gazeti la Dar ni Simba na Yanga, nani katua, nani kakwama uwanja wa ndege. Nimeandika neno "usajili" kwenye orodha ya kuzuia, na habari yoyote yenye neno hilo kwenye kichwa siioni. Amani niliyoipata Julai ile siwezi kuieleza kwa mtu mwenye timu.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja siinyimi programu, nawanyima wenye magazeti. Gazeti moja ninalolipenda tangu utoto lina mlisho unaorudisha habari zilezile kila siku kwa tarehe mpya. Jingine lilikuwa nao, wakabadilisha muonekano wa tovuti, mlisho ukapotea. Niliwaandikia, nikajibiwa nipakue programu yao. Na wapo wanaotoa mstari mmoja na nusu wa muhtasari, ukibonyeza unakutana na matangazo yanayofunika skrini mpaka usahau ulichofuata. Haki yao, mlo wao uko kwenye matangazo, ila basi huo mstari mmoja wangeuandika kwa Kiswahili kilichonyooka.

Jambo la kuangalia: mlisho hubeba machapisho machache ya mwisho tu. Kwa WordPress isiyoguswa mipangilio ni kumi. Blogu inayotundika habari thelathini kwa siku, wewe ukaiambia Feeder isasishe mara moja kwa siku, ishirini zimekupita bila hata kujua. Nilidhani blogu moja ya Mwanza imepunguza kazi, kumbe mimi ndiye nilikuwa nachelewa mezani. Siku hizi nasasisha kila baada ya saa tatu. Na orodha yako itoe mara kwa mara kama faili la OPML (ndilo linalobeba orodha ya milisho) ujitumie mwenyewe. Simu zinaanguka, hasa kwenye pantoni.

Zile blogu zilizonyamaza sikuzifuta. Nimeziweka kwenye kundi nililoliita Wamekaa Kimya, ziko thelathini na kitu, wala hazinigharimu chochote zaidi ya hodi. Mwezi uliopita namba 1 ilitokea pembeni ya kundi hilo. Ilikuwa blogu ya mapishi ya mama mmoja wa Tanga, chapisho lake la mwisho lilikuwa la samaki wa kupaka. Nikafungua, hakuna picha, hakuna pishi. Ameandika: "Mpo?"

Nikamjibu kwamba nipo.